KRISMASI NYUMBANI: NI NANI ANAMWANGALIA MTOTO?

Somo la kikundi. Lisomwe kwa sauti mkutanoni, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni. Mkiweza, lisomeni mwisho wa Novemba, kabla wageni hawajaanza kufika.



Desemba ikifika, vijiji vyetu hujaa. Shule zimefungwa. Matatu zinashusha watu hapo stendi asubuhi na jioni, na kila mmoja ana mfuko wa unga, mkate na nguo mpya za watoto. Ndugu aliyepotelea Nairobi au Mombasa mwaka mzima anarudi na bibi yake na watoto wake watatu. Shangazi anakuja, binamu wanakuja, na jirani naye anapita kusalimia. Boma lililokuwa na watu watano sasa lina watu kumi na tano. Ni jambo la furaha, na hatuliandikii somo hili ili kuiharibu furaha hiyo.

Lakini tunapotembelea vikundi mwezi wa Januari, huwa tunasikia habari nyingine. Mtoto aliungua kwa chai mchana wa Krismasi. Mtoto alikunywa mafuta taa. Mtoto alitolewa ndani ya pipa la maji. Na ukiuliza ilikuwaje, jibu ni lile lile: "Na watu walikuwa wengi hapo nyumbani! Hatujui ilitokeaje."

Somo hili linataka kueleza ilitokeaje, na tufanye nini ili isitokee kwetu.

1. MACHO NI MENGI, LAKINI HAKUNA ANAYETAZAMA

Siku za kawaida, mama akiwa peke yake na mtoto wa miaka miwili, anajua wazi kwamba mtoto huyo ni kazi yake. Akienda mtoni anambeba. Akipika, sikio moja liko kwa sufuria na lingine liko kwa mtoto. Akisikia kimya cha muda mrefu, anainuka kwenda kuangalia.

Desemba mambo hubadilika. Mama yuko jikoni, na moyo wake umetulia kwa sababu anajua baba yuko uani. Baba anaongea na wageni chini ya mti, na anajua mtoto yuko na nyanya yake. Nyanya amesinzia kidogo, maana anajua wale wasichana wakubwa wako hapo. Wasichana wakubwa wameenda kuteka maji, na walimwacha mtoto kwa mama. Kila mmoja amesema ukweli kadiri anavyojua. Hakuna mvivu hapo, wala hakuna asiyempenda mtoto. Hata hivyo kwa dakika kumi mtoto hana mtu, na dakika kumi ni nyingi sana kwa mtoto wa miaka miwili.

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hata wazazi wa Yesu lilishawapata jambo hili. Tunasoma katika Injili ya Luka, sura ya pili, kwamba walipokuwa wakirudi kutoka sikukuu ya Pasaka kule Yerusalemu, walitembea safari ya siku nzima wakidhani kijana yuko katika msafara pamoja na jamaa zao. Kumbe alibaki mjini. Siku ya tatu ndipo walipomwona. Naye alikuwa na miaka kumi na miwili, mwenye akili zake. Je, huyu wetu wa mwaka mmoja na nusu?

Basi jambo kuu la somo hili ni moja: katika nyumba yenye watu wengi, mtoto mdogo awe na mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, ambaye kwa saa hiyo kazi yake ni mtoto na si kitu kingine. Tutauita mpango huu zamu ya mtoto.

2. ZAMU YA MTOTO INAVYOPANGWA

Tuseme boma lina watu wazima sita na watoto watatu walio chini ya miaka mitano. Jioni ile wageni wanapofika, baada ya chakula, mwenye nyumba aseme: "Jamani, tunafurahi mmekuja. Kesho kuna kazi nyingi. Wacha tupange ni nani atakuwa na watoto saa gani." Kisha watu wagawane mchana kwa zamu za saa mbili mbili. Anayejua kuandika aandike kwenye karatasi na kuibandika mlangoni.

Kanuni ni hizi:

(a) Mwenye zamu ni mtu mzima, au kijana mkubwa mwenye kutegemewa. Msichana wa miaka minane si mlezi. Yeye mwenyewe ni mtoto, na likizo ni yake pia. Anaweza kucheza na wadogo wake, lakini mtu mzima awe hapo hapo.

(b) Zamu hupokezanwa kwa mdomo, uso kwa uso. Usiondoke kwa kudhani. Sema: "Shangazi, nakuachia watoto watatu, hawa hapa." Naye ajibu: "Nimewapokea, ni watatu." Asipojibu, bado ni wako.

(c) Mwenye zamu awe na alama. Inaweza kuwa kofia fulani au leso ya kufunga begani. Mtu yeyote akitupa macho uani ataona mara moja ni nani aliye na watoto. Kama leso imeachwa kwenye kiti, kila mtu ajue kuna hatari.

(d) Mwenye zamu hanywi pombe, hashiki simu kutazama picha, wala hapewi kazi ya kukatakata mboga. Ukimwita aje akusaidie kushika mbuzi, umewaacha watoto bila mtu.

(e) Wanaume wana zamu kama wanawake. Hapa wazee wengine watacheka. Lakini hebu tuhesabu. Siku ya Krismasi mama ameamka saa kumi na moja asubuhi. Ameteka maji, ameosha vyombo vya jana, amekanda unga wa chapati, amewaogesha watoto, amepika chai ya watu kumi na tano, na bado nyama haijawekwa motoni. Ni saa ngapi huyo atamwangalia mtoto? Baba, mjomba na binamu waliokaa chini ya mti wana macho mazuri na mikono mitupu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka huu jembe lenyewe liwe mtoto.

Watoto wadogo wakizidi watatu, wawekeni walezi wawili, na kila mlezi ajue wake kwa majina. Vinginevyo mtarudi pale pale, huyu anadhani yule anatazama.

3. TEMBEENI BOMA LENU KWA MACHO YA MTOTO

Watu husema ajali haina kinga. Twawaomba mlifikirie tena neno hilo. Ajali nyingi za nyumbani zina kinga, na kinga yenyewe ni ya bei ndogo. Wiki moja kabla ya sikukuu, watu wawili wa nyumba wapige magoti, kweli kabisa, watembee uani na ndani ya nyumba kwa urefu wa mtoto. Wataona mambo ambayo mtu mzima aliyesimama haoni.

Moto na maji moto. Wakati huu tunapika nje kwa mafiga, kwa sufuria kubwa, na mara nyingi jiko liko chini kabisa. Sufuria zetu nyingi hazina mikono, na mtoto akijikwaa huanguka juu yake. Wekeni kizuizi kuzunguka mahali pa kupikia: mabenchi, matawi ya miiba, au kamba na magunia. Mstari wa majivu peke yake hautoshi, mtoto wa miaka miwili haelewi mpaka. Mafuta ya kukaangia chapati na mandazi yasiachwe motoni bila mtu. Chupa ya chai isiwekwe ukingoni mwa meza, na kitambaa cha meza kisining'inie, maana mtoto hukivuta na chai humwagika juu yake. Usimimine chai huku umembeba mtoto. Tena jiko la makaa lisiingizwe katika chumba cha kulala kilichofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Mtoto akiungua, muondoe kwenye moto, mvue nguo isiyoshikamana na ngozi, kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika ishirini ni muda mrefu, kwa hiyo tazama saa. Usipake dawa ya meno, mayai, unga, mafuta wala udongo. Funika kwa kitambaa safi. Kama jeraha linazidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au liko usoni, mikononi au sehemu za siri, nendeni hospitali bila kungoja asubuhi.

Maji. Wageni wakiwa wengi tunajaza kila chombo: mapipa, karai, ndoo, beseni. Mtoto anayeanza kutembea ana kichwa kizito. Akiinama ndani ya ndoo akaanguka, hawezi kujiinua. Maji kidogo tu ya chini ya ndoo yanatosha kumuua. Tena hapigi kelele kama tunavyodhani, huzama kimya. Mapipa yafunikwe kwa kifuniko kizito au ubao wenye jiwe. Karai ya kufulia imwagwe mara kazi ikiisha. Kumbukeni pia mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba. Shimo la kuchimba udongo wa matofali lililokuwa kavu mwezi wa Agosti sasa ni bwawa. Watoto waliotoka mjini hawajui lilipo kisima, wala hawajui shimo la choo cha zamani liko wapi. Zibeni, zungushieni ua, na mwonyesheni kila mzazi mgeni mahali hapo siku ya kwanza.

Mtoto akitolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini. Mlazeni chali, mpulizieni pumzi mdomoni mara tano, kisha mbonyezeni katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, mbonyezo 30, pumzi 2, mkiendelea hivyo huku mtu mwingine akitafuta gari. Jambo hili halifunzwi kwa karatasi peke yake. Mwombeni muuguzi wa dispensari aje mkutanoni awaonyeshe kwa vitendo.

Vitu vya sumu. Mafuta taa ndani ya chupa ya soda! Mwezi huu ambao soda zimejaa nyumbani, mtoto atajuaje tofauti? Mafuta taa yawe katika chombo chake, juu, mahali pa kufungwa. Vile vile dawa ya panya, dawa ya kuoshea ng'ombe na dawa ya kunyunyizia mboga. Mtoto akinywa mafuta taa usimtapishe na usimpe maziwa. Akitapika, mafuta huingia mapafuni, na hapo ndipo hatari ilipo. Mpelekeni hospitali mara moja mkiwa na chupa yenyewe.

Msisahau mifuko ya wageni. Nyanya aliyetoka mjini ana tembe zake za presha au za sukari ndani ya mkoba ulio sakafuni. Kwa mtoto, tembe hizo ni peremende. Mgeni akifika, mwonyesheni msumari mrefu wa kutundikia mkoba. Glasi za pombe zilizobaki usiku zimwagwe kabla watu hawajalala, maana mtoto huamka wa kwanza, na kiasi kidogo cha pombe kinaweza kumzimisha.

Magunia ya mahindi. Hili tunaliandika kwa uzito. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa na Magharibi mavuno yameingia, na magunia yamepangwa ndani ya nyumba. Wengine wameweka zile tembe za kuua wadudu ghalani. Wageni wakija vitanda havitoshi, na watoto wanatandikiwa pale pale kando ya magunia. Ndugu zetu, tembe hizo zikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi yenye sumu kali, na gesi hiyo hupenya gunia. Familia zimewahi kupoteza watoto hivyo, wakidhani ni chakula kibaya. Mtu yeyote asilale katika chumba chenye mahindi yaliyowekwa tembe, wala chumba kilichopakana nacho. Ni afadhali watu wabanane sebuleni, au walale kwa jirani.

Magari. Gari la mgeni likirudi nyuma uani, dereva hamwoni mtoto mfupi aliyesimama nyuma yake. Gari liegeshwe nje ya boma. Kabla ya kuwasha, dereva alizunguke kwa miguu, na mwenye zamu awe amewashika watoto wote.

Vitu vya kunyonga. Karanga nzima, punje za mahindi, peremende ngumu, vipande vikubwa vya nyama, na baluni zilizopasuka: hivi vyote huziba koo la mtoto. Aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, zisagwe au zipondwe. Mtoto ale akiwa amekaa, si huku akikimbia. Vitu vya kuchezea vinavyoletwa kutoka mjini huwa na betri ndogo za mviringo kama kifungo. Mtoto akiimeza, betri hiyo huchoma koo kwa ndani kwa muda mfupi. Ni ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama halii.

Mtoto akikabwa na hawezi kulia wala kukohoa, mwinamishe mbele na umpige katikati ya mabega mara tano kwa kiganja. Isipotoka, kama amepita mwaka mmoja, simama nyuma yake, ukunje ngumi juu ya kitovu na uvute ndani na juu mara tano. Kama hajafika mwaka mmoja, mlaze chali kwenye paja lako, kichwa kikiwa chini kidogo, na ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Rudia. Usiingize kidole kooni kwa kupapasa.

4. TUMBO LA SIKUKUU

Chakula kikipikwa asubuhi kwa wageni wa mchana, mara nyingi kinaliwa tena usiku. Nyama na wali uliopoa visikae zaidi ya muda wa saa mbili kabla ya kuliwa au kuwekwa mahali pa baridi kali. Vikiliwa tena, vichemshwe mpaka vitoe mvuke wote, si kupasha juu juu. Karibu na choo tundikeni mtungi mdogo uliotobolewa tundu, pamoja na sabuni. Watu kumi na tano kwa choo kimoja bila maji ya kunawa ni kuhara kwa nyumba nzima.

Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu. Sikukuu hii atatokea shangazi na kijiko cha soda au uji akisema, "Aonje tu, ni Krismasi." Mama akatae kwa upole, na baba amsaidie kukataa.

Mtoto akiharisha, aendelee kunyonya na kula, na apewe maji yenye chumvi na sukari ya kuokoa maisha kutoka kliniki, yale ya paketi. Zikikosekana, changanyeni hivi: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Msizidishe chumvi. Mpeni kidogo kidogo baada ya kila kuhara, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Kliniki pia hutoa tembe za zinki, nazo humezwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Mkiona macho yameingia ndani, mtoto amelegea, anatapika kila kitu, hawezi kunyonya, ana damu kwenye choo, au ana degedege, msingoje.

Na homa je? Watoto waliokulia Nairobi au sehemu za baridi miili yao haijazoea malaria. Wakifika kando ya Ziwa Victoria, Magharibi au Pwani, walale ndani ya neti kuanzia usiku wa kwanza. Kama neti ni chache, wadogo na wajawazito watangulie. Homa ikianza, apimwe damu siku hiyo au kabla ya saa 24 kupita. Na wazazi wakisharudi mjini, mtoto akishikwa na homa wamwambie daktari walikuwa wapi.

5. MTOTO MWENYEWE ANAONAJE SIKUKUU?

Sisi wakubwa tunaona furaha. Mtoto wa miaka miwili anaona nyuso asizozijua, kelele mpaka usiku, kitanda chake kimechukuliwa, na mama hana nafasi naye. Si ajabu analia na kushikilia nguo ya mama. Hajaharibika. Amechoka. Mwacheni alale mchana hata kama kuna wageni. Ale saa zake za kawaida, asingoje mpaka nyama iive saa tisa.

Kama anakataa kubebwa na mjomba, asilazimishwe wala asichekwe. Afunzwe kusalimia kwa heshima, kwa mkono au kwa kuinamisha kichwa. Lakini mtoto anayejua kwamba akisema hapana nyumbani husikilizwa, atawaambia pia siku ambayo mtu atamshika vibaya. Twajua ni neno zito kusemwa wakati wa Krismasi, ila ni kweli: wanaowadhulumu watoto mara nyingi ni watu wanaojulikana nyumbani. Kwa hiyo pangeni malazi mapema. Watoto walale pamoja na mama au nyanya, wasitandikiwe chumba kimoja na wageni wa kiume eti kwa sababu nafasi ni ndogo. Mtoto akiwaambia jambo, msimnyamazishe kwa kuogopa aibu ya ukoo. Nambari ya simu ya kusaidia watoto hapa Kenya ni 116, na haitozwi pesa.

6. KABLA YA TAREHE 25

Siku za sikukuu dispensari ya karibu huenda imefungwa, na magari hayapatikani. Mambo manne yafanywe mapema:

- Ulizeni ni kituo gani cha afya kitakuwa wazi usiku na siku ya Krismasi.
- Ongeeni na mtu mmoja mwenye gari au pikipiki, na mweke nambari yake mlangoni kando ya karatasi ya zamu.
- Tengeni pesa ya nauli, isiguswe hata soda zikiisha.
- Wekeni kijitabu cha kliniki cha mtoto mahali panapojulikana. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, kwa hiyo hakikisheni watoto wameandikwa pamoja na mzazi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Desemba iliyopita, ni ajali gani zilizowapata watoto hapa kijijini? Wakati huo, kila mtu mzima alidhani mtoto yuko na nani?
2. Ni mahali gani patatu katika boma lako ambapo ni hatari zaidi kwa mtoto wa miaka miwili?
3. Wanaume wa kikundi wanasemaje juu ya zamu? Kama kuna anayeona aibu, aibu hiyo inatoka wapi?
4. Mgeni mwenye heshima akikataa mpango wa zamu, ni nani wa kumwambia, na amwambie vipi?
5. Kuna mama hapa atakayekuwa peke yake na watoto, bila mgeni wa kumsaidia? Kikundi kitamfanyia nini?

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, watu wawili wawili watembeleane na kukagua maboma kwa kupiga magoti kama tulivyoeleza. Kila boma lirekebishe angalau jambo moja: kufunika pipa, kuziba shimo, kuhamisha mafuta taa. Kikundi chenye pesa kidogo katika mzunguko kinaweza kununua vifuniko vya mapipa kwa pamoja, maana seremala hupunguza bei akipata oda ya wengi.

Na kila mwanachama aende nyumbani na leso moja au kofia moja, aitundike mlangoni, na awaeleze watu wa nyumba yake ni ya nini. Mwezi wa Januari mtakapokutana tena, anzeni mkutano kwa kuhesabu watoto wa kijiji. Tunaomba hesabu iwe ile ile ya Novemba.